Titi moja limeshuka, jingine bado liko juu: wiki ya saba baada ya kuwekewa silikoni

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 32, naishi Njiro, Arusha. Wiki saba zilizopita niliwekewa silikoni za matiti Nairobi. Ni za mviringo, zenye uso laini, cc 325 kila upande, chini ya msuli, na mshono uko chini ya titi. La kushoto limeshuka na limelainika. La kulia bado liko juu na ni gumu kidogo. Mimi ni wa mkono wa kulia. Daktari aliyenifanyia anasema nisubiri mpaka miezi sita itimie. Rafiki mmoja ananiambia nifunge mkanda kifuani, mwingine ananiambia nikandwe na maji ya moto, wa tatu anasema la kushoto limepasuka ndiyo maana limeshuka. Nifanyeje? Nirudi Nairobi?"

Marahaba dada. Kwa haya uliyoyaeleza, hakuna sababu ya kupanda basi la Namanga wiki hii. Titi la kulia kuchelewa kushuka kwa mtu wa mkono wa kulia, aliyewekewa silikoni chini ya msuli, tena wiki ya saba tu, ni jambo ambalo madaktari wa upasuaji huu hulitarajia. Aliyekwambia usubiri hajakupuuza, ila amekupa nusu ya jibu, kwa sababu kusubiri kunataka vipimo. Tena la kuangaliwa kwa makini zaidi kwenye kifua chako si lile la juu linalokukera kila ukisimama mbele ya kioo. Ni lile la kushoto ambalo kila mtu anakwambia limekaa vizuri. Lililo juu bado lina miezi ya kushuka. Lililoshuka likipitiliza mahali pake halipandi lenyewe, hupandishwa na daktari kwa uzi na sindano.

Kwanza ujue kwa nini silikoni huanza juu. Daktari akiiweka chini ya msuli mkubwa wa kifua, hutengeneza mfuko kati ya msuli na mbavu, kisha hukata nyuzi za chini za msuli zilizojishika kwenye mbavu ili sehemu ya chini ya silikoni ipate nafasi. Msuli ulioguswa hukaza. Ngozi ya chini ya titi, ambayo haijawahi kubeba uzito huo, haijatanuka bado. Uvimbe nao hujaza nafasi iliyobaki. Silikoni ikibanwa hivyo hukimbilia juu kuelekea kwenye mtulinga, titi likaonekana limejaa juu na limekatika chini. Kwa wiki mbili za kwanza karibu kila mtu huwa hivyo. Kuanzia wiki ya tatu uvimbe hupungua na msuli huanza kulegea, na kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu ndipo mabadiliko makubwa huonekana. Kutoka hapo mpaka mwezi wa sita titi hulainika na kujipanga, na kovu la ndani huendelea kukomaa hadi kukaribia mwaka. Waliowekewa juu ya msuli hutangulia, kwa kuwa hawana msuli unaoisukuma silikoni. Silikoni zenye uso wa mkwaruzo hung'ang'ania pale zilipowekwa, kwa hiyo hazishuki sana kama zako.

Sasa kwa nini upande mmoja utangulie? Sababu ya kwanza, na kwako ndiyo ninayoitilia uzito, ni mkono. Msuli wa kifua wa upande unaoutumia zaidi ni mnene zaidi na haupumziki. Kusonga ugali, kudeki, kusugua nguo, kukamua shuka, kukata kuni, kuvuta geti zito, vyote vinautumia msuli huohuo, na kila ukijikaza huisukuma silikoni juu na kuelekea kwapani. Fanya jaribio dogo. Simama mbele ya kioo, weka mikono kiunoni, bonyeza kiuno kwa nguvu kisha achia. Ukiona la kulia linaruka juu unapobonyeza na kurudi chini unapoachia, basi msuli ndio unaolishikilia, na msuli hulegea kwa muda. Lisipocheza kabisa, likabaki palepale kama limegandishwa, hiyo ni habari nyingine, huenda ni ya kovu la ndani, na nitaifikia nikizungumzia ugumu.

Sababu ya pili ni kazi ya daktari mwenyewe. Nyuzi za msuli zikikatwa kidogo zaidi upande mmoja, au mfuko ukipanuliwa sentimita moja zaidi chini, silikoni ya upande huo itatangulia na huenda ikaishia chini zaidi. Hili halimaanishi amekosea, kwa sababu mara nyingine hufanya hivyo kwa makusudi kurekebisha tofauti uliyokuwa nayo. Ndiyo maana naomba umwandikie akutumie picha zako za kabla ya upasuaji. Hakuna kifua chenye pande mbili zinazolingana: mkunjo wa chini ya titi mmoja huwa juu kuliko mwenzake, chuchu huachana, mbavu za upande mmoja hutokeza zaidi, uti wa mgongo huinama kidogo na kuubeba upande mmoja wa kifua. Silikoni haiifuti tofauti hiyo. Huikuza, kwa sababu kilichokuwa kidogo sasa kimejazwa. Wengi wanaolalamikia tofauti mpya hukuta ipo kwenye picha ya zamani, ila hakuna aliyekuwa akiitafuta.

Zipo sababu nyingine ambazo si za kungoja: damu kuvilia ndani, maji kujikusanya, maambukizi, na kovu la ndani kukaza. Nazo zina dalili zake, nitazieleza mbele.

Tuje kwenye kupima, maana kioo hudanganya na simu hudanganya zaidi. Chukua futi ya fundi cherehani. Simama wima bila sidiria, mabega yamelegea, mikono imening'inia, mtu mwingine akupimie kama yupo. Kipimo cha kwanza ni kutoka kwenye kishimo cha chini ya koo, pale mitulinga miwili inapokutana, hadi kwenye chuchu, kulia na kushoto. Cha pili ni kutoka chuchu hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi, futi ikifuata mviringo wa titi. Cha tatu ni mahali ulipo mshono. Shika rula ilale sawa chini ya titi na utazame kama kovu bado limejificha ndani ya mkunjo au limepanda juu ya titi, na kama limepanda, kwa milimita ngapi. Cha nne, tazama chuchu zinaelekea wapi: mbele, chini, au juu. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili, saa ileile ya siku, maana jioni uvimbe huongezeka. Kupima kila siku hakukusaidii, kutakuongezea wasiwasi tu, kwa sababu mkono wa mpimaji peke yake unaweza kukosea nusu sentimita.

Picha nazo zipigwe kwa utaratibu. Simu ikae juu ya meza au kabati usawa wa kifua, mita moja na nusu hivi kutoka uliposimama, dirisha likiwa mbele yako. Usiishike kwa mkono, kwani mkono ulioinuliwa huinua titi la upande huo na kamera ya karibu hulipanua lililo karibu nayo. Piga ya mbele, za ubavu zote mbili, na za kona. Picha nne tano za namna hiyo zina maana kwa daktari aliye mbali kuliko ishirini za kujipiga bafuni.

Namba zinasemaje? Kwa silikoni ya cc 300 hadi 350, madaktari wengi hupanga umbali wa chuchu hadi mkunjo uwe takriban sentimita 8 hadi 8.5 ngozi ikiwa imevutwa. Usiifanye sheria, kwa kuwa inategemea upana wa kifua na ngozi yako. La muhimu ni mwelekeo. Upande wa kulia, ukiona umbali wa chuchu hadi mkunjo unaongezeka polepole, milimita chache kila mara, na chuchu iliyokuwa inaangalia chini inaanza kuangalia mbele, basi linashuka hata kama kwenye kioo huoni. Acha lishuke.

Upande wa kushoto soma kinyume chake. Umbali huo ukiendelea kurefuka, kovu likapanda juu ya titi, chuchu ikaanza kuangalia juu, na sehemu ya juu ya titi ikabaki tupu, silikoni imeanza kupita chini ya mkunjo. Cc 325 za silikoni ni kama theluthi ya kilo inayoning'inia kwenye ngozi usiku na mchana, na mkunjo ndio unaoibeba. Mkunjo ukilegea, hakuna zoezi la kuukaza. Kati ya sasa na wiki ya 11, sentimita moja au zaidi ya nyongeza upande wa kushoto ingenitosha kumwandikia daktari bila kungoja mwezi wa sita. Kovu lililopanda juu ya titi lingenitosha hata bila futi.

Hapo ndipo ushauri wa mkanda unapokuwa na hatari. Mkanda unaosemwa ni wa lastiki, mpana sentimita 8 hadi 10, hufungwa juu ya matiti ili kuisukuma silikoni chini. Unafaa kwa mtu ambaye pande zote mbili ziko juu. Wewe ukiufunga kuzunguka kifua, utalisukuma la kulia unalotaka lishuke, na papo hapo utalisukuma la kushoto ambalo halihitaji kwenda popote. Watu wengi hawalifikirii hilo, wakamaliza wiki nne wakiwa na tofauti ileile, ila zote mbili chini zaidi. Daktari wako akikubali mkanda, muulize kama upite kwa kukingama: juu ya titi la kulia, chini ya kwapa la kushoto, bila kuligusa titi la kushoto, huku sidiria ikilishikilia kwa chini. Akuambie pia saa ngapi kwa siku. Kanga iliyofungwa lubega au kukazwa kifuani nyumbani ni mkanda pia, tena usio na mpangilio. Ifunge kiunoni kwa sasa.

Sidiria iwe ya kushika, isiyo na waya, yenye mkanda mpana wa chini na mabega mapana, ivaliwe mchana na usiku mpaka angalau mwezi wa tatu. Sidiria ya mtumba, hata ile nzuri ya soko la Memorial kule Moshi, mara nyingi lastiki yake imeshachoka: ivute, na kama hairudi kwa nguvu haitalishikilia la kushoto. Nunua mpya mbili ili moja ifuliwe. Sidiria zenye kusukuma matiti juu na katikati usizivae bado. Zenye waya wengi huruhusiwa baada ya wiki sita, lakini kwako waya uliokaa vibaya unaweza kubonyeza mkunjo wa kushoto, kwa hiyo aamue aliyekupasua.

Kuhusu kukandwa na maji ya moto: hapana. Ngozi ya titi baada ya upasuaji huu huwa na ganzi kwa wiki hadi miezi, hasa chini na kuzunguka chuchu, na ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi. Arusha ya mwezi wa sita na wa saba ina baridi na chupa ya maji ya moto inavutia, lakini iwekwe miguuni. Isitoshe, moto hauishushi silikoni hata milimita moja. Na usimpe mchuaji wa saluni wala mama anayekanda wazazi kifua chako akifanyie kazi. Hajui mfuko umekatwa wapi, na msukumo wa kwenda pembeni unaweza kuupanua kuelekea kwapani.

Kusukuma silikoni kwa mkono, kule ambako baadhi ya madaktari hufundisha, ni jambo jingine. Ushahidi wake si mzito na madaktari wenyewe hawakubaliani. Wanaofundisha huwapa wenye silikoni za uso laini peke yao, kama wewe. Wenye uso wa mkwaruzo au wenye umbo la tone la maji hawatakiwi kabisa, maana silikoni inaweza kugeuka ndani. Daktari wako akiruhusu, kwa kawaida mtindo ni huu: kiganja kilale juu ya titi la kulia, sukuma chini na ndani kidogo kuelekea katikati ya kifua, shikilia sekunde 10, achia, rudia kwa dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku. Uhisi kubanwa, usihisi maumivu makali. La kushoto usiliguse. Sijakwambia anza leo. Nimekwambia muulize, na ukimuuliza utaje kwamba la kushoto limeshashuka, kwa sababu watu wengi hupewa karatasi moja ya maelekezo kwa pande zote.

Kitu ambacho unaweza kukifanya leo bila ruhusa ya mtu ni kuupumzisha mkono wa kulia. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hiyo bado sana. Bebea maji kwenye dumu la lita tano, na ulibebe kwa mkono wa kushoto ukiwa umelishusha, bila kuliinua begani. Ugali wa familia asonge mwingine. Sufuria la watu wawili si shida, sufuria la watu wanane ni zoezi la kifua. Mashuka na mablanketi yasikamuliwe kwa mikono, yaanikwe yakichuruzika, na kamba ya kuanikia ishushwe usawa wa mabega. Jembe, kinu na shoka vingoje mpaka mwezi wa tatu. Kutembea ni ruksa na ni kuzuri. Push-up, kuinua vyuma na kuogelea usivianze mpaka daktari aseme, na kwa hali yako asiseme mapema. Ukipanda gari funga mkanda wa kiti kila mara, weka kitambaa laini au kimto kidogo kati yake na kifua. Bodaboda kwenye barabara ya rafu ikiwezekana iache, na ukilazimika vaa sidiria ya michezo iliyobana. Lala chali au ubavu ukiwa na sidiria. Kifudifudi isiwe kabla ya miezi mitatu. Sigara na shisha vyote viwili hupunguza damu kwenye ngozi na kuharibu kovu, basi viache.

Sasa hiyo hadithi ya kupasuka. Silikoni ya siku hizi imejazwa jeli nzito inayoshikana. Ikichanika, jeli hubaki mahali pake au ndani ya mfuko wa kovu, na mara nyingi mwenyewe hajui mpaka apigwe picha. Titi halishuki wala halilainiki vizuri kwa sababu hiyo. Zinazosinyaa ghafla ni zile zilizojazwa maji ya chumvi: zikitoboka, titi hubonyea ndani ya siku chache na maji hunyonywa na mwili bila madhara. Zako si hizo. Kushuka na kulainika wiki ya saba ndicho kilichokusudiwa tangu mwanzo.

Nirudi kwa la kulia na ugumu wake. Mwili huzungushia silikoni ngozi ya kovu kwa kila mtu bila kubagua, na ngozi hiyo ikiwa nyembamba huihisi. Kwa baadhi ya watu hukaza na kuibana silikoni kuwa mpira. Kuna ngazi nne: ya kwanza titi ni laini, ya pili ni gumu kidogo lakini umbo ni zuri, ya tatu ni gumu na umbo limeharibika, mara nyingi limepandishwa juu, ya nne linauma pia. Kukaza huko mara nyingi hujitokeza ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Wiki ya saba ni mapema kukuhukumu, kwa sababu msuli na uvimbe peke yao hutoa ugumu wa ngazi ya pili. Kinachotofautisha ni mwendo. Msuli hulegea wiki hadi wiki, kovu linalokaza huongezeka wiki hadi wiki. Titi lililokuwa limeanza kulainika mwezi wa pili, kisha likageuka gumu na kupanda mwezi wa nne, halingoji mwezi wa sita. Muone daktari. Zipo dawa za pumu ambazo baadhi ya madaktari huzijaribu mapema kwa tatizo hili. Usizinunue mwenyewe dukani, kwani zina madhara yake, yakiwemo ya akili na usingizi.

Dalili zifuatazo ni za kwenda hospitali siku hiyohiyo, iwe mchana au usiku: titi moja kuvimba ghafla na kukaza huku likiuma, hata kama wiki zimepita, homa ya nyuzi 38 na kuendelea, wekundu au joto linalosambaa (kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa ulinganishe joto la pande mbili na utazame ngozi inayong'aa au kuwa nyeusi zaidi), mshono kufunguka au kutoa majimaji, silikoni kuonekana kwenye kidonda, kubanwa kifua na kukosa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi. Usisubiri jibu la WhatsApp kutoka Nairobi. Arusha una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na hospitali ya Kilutheri ya ALMC, na Moshi iko KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda. Hata pale ambapo hakuna daktari wa upasuaji wa urembo zamu hiyo, daktari wa upasuaji wa kawaida anajua kushughulikia damu iliyovilia na usaha. Na usianze kwa kununua amoxicillin duka la dawa. Haitoshi kwa maambukizi yaliyofika kwenye silikoni, na itaficha homa huku usaha ukiendelea.

Ukifika, sema mapema kabisa kwamba una silikoni ndani ya matiti, tarehe uliyowekewa, na kwamba iko chini ya msuli. Kipimo cha kwanza ni altrasaundi: huonyesha maji au damu vizuri na hakina mionzi. Mtu akitaka kuvuta maji kwa sindano, mwombe kwa heshima afanye akiongozwa na altrasaundi, si kwa kukisia, maana sindano ya kukisia inaweza kuitoboa silikoni ambayo haikuwa na tatizo. Majimaji yaliyovutwa yapelekwe maabara kuoteshwa vijidudu. Maji yanayojikusanya mwaka au miaka baadaye yana kipimo chake cha ziada, kwa sababu silikoni zenye uso wa mkwaruzo zimehusishwa na saratani adimu ya kinga ya mwili inayoota kwenye kovu, kwa kawaida miaka 8 hadi 10 baada ya upasuaji. Ndiyo iliyofanya kampuni ya Allergan kuziondoa sokoni aina yake ya Biocell Julai 2019. Maabara hutafuta alama inayoitwa CD30. Kwa uso laini kama wako hili si la kukunyima usingizi, lakini wasomaji wenye aina ile wanaliuliza kila mara.

Marekebisho ya upasuaji yakihitajika, yana muda wake. Kabla ya miezi mitatu hakuna anayegusa kwa sababu tu titi moja liko juu kuliko jingine, na wengi hungoja sita. Anayekuahidi kukurekebisha wiki ya nane kwa tofauti unayoiona kwenye kioo tu anakuharakisha bure. La kulia likigoma kushuka, kazi ni ndogo kiasi: hufunguliwa kovu lilelile, kovu la ndani la chini hukatwa, na nyuzi za msuli zilizobaki huachiliwa. La kushoto likiwa limepitiliza, kazi ni kubwa zaidi. Mfuko hushonwa upya juu kwa nyuzi zisizoyeyuka, mara nyingine huongezewa wavu au ngozi iliyotayarishwa ya kushikilia, mara nyingine silikoni hubadilishwa kuwa ndogo, kisha kuna wiki nyingine sita hadi nane za sidiria usiku na mchana. Nayo inaweza kulegea tena kama ngozi ni dhaifu. Ndiyo maana natilia mkazo upande wa kushoto kuliko wa kulia. Tofauti inayobaki ya kama sentimita moja, isiyoonekana ukiwa na nguo, mimi nisingeirudia kwenye nusu kaputi, lakini uamuzi ni wako na wa daktari wako.

Bima nyingi hazilipi upasuaji wa urembo wala marudio yake. Uliza sasa, ukiwa huna tatizo, na uulize kwa maandishi: marudio yakihitajika ndani ya mwaka, nani analipa mkono wa daktari, nani analipa chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi? Majibu huwa mazuri zaidi kabla ya ugomvi. Omba pia kadi ya silikoni zako kama hukupewa, yenye jina la kampuni, aina, ujazo wa kila upande na namba ya kila moja. Hakikisha kweli ni cc 325 pande zote, kwa kuwa madaktari wakati mwingine huweka ujazo tofauti kurekebisha tofauti ya mwanzo, na hilo peke yake hubadilisha jinsi namba zako zinavyosomwa. Piga picha ya kadi hiyo uitunze kwenye simu na kwenye barua pepe.

Ratiba yako basi iwe hivi. Leo pima na upige picha. Mtumie daktari wako ujumbe mmoja: namba za pande zote, picha, jibu la lile jaribio la kubonyeza kiuno, na maswali matatu: je, mkanda wa kukingama kwa kulia peke yake unafaa, je, nisukume la kulia kwa mkono, na picha zangu za kabla ziko wapi? Pima tena wiki ya 9 na ya 11. Wiki ya 12 panga kumuona ana kwa ana, kwa sababu hata daktari mzuri hawezi kugusa ugumu kupitia simu. Na kama una mpango wa ujauzito mwaka huu, mwambie pia siku hiyo. Mimba hubadilisha ngozi na ukubwa wa titi, na hakuna anayetaka kurekebisha mkunjo ambao miezi michache baadaye utavutwa upya.